Pima kiti cha nyuma kwanza

Nyuma watu wanne, mbele wawili ukiacha dereva, na watoto mapajani. Hivyo ndivyo taksi nyingi za miji ya Kongo zinavyopakia, na mji wetu wa Kalemie hauna tofauti. Gari la nyumbani nalo hujaa vilevile. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta mwanamke wa Kongo akizaa wastani wa watoto 6.6, wakati kigari cha Kijapani tulichomudu kununua, tena kikiwa kimeshatumiwa na wengine, kina nafasi tatu tu nyuma. Ongeza shangazi, ongeza gunia la unga, ongeza mtoto wa jirani anayesoma shule moja na wetu.

Katika msongamano huo mzazi anataka kuingiza kiti cha mtoto. Wengi huanza na bei. Huulizia dukani, humtuma ndugu aliye Lubumbashi au Dar es Salaam, na kiti kinapofika hakiingii, au kinaingia na kuwakosesha nafasi watoto wawili wengine. Baada ya muda kinahamia juu ya kabati na kuwekewa nguo. Sisi tunasema mzazi aanze na futi. Apime kiti cha nyuma cha gari lake toka mlango hadi mlango, pale makalio yanapokaa, na aandike upana huo kwenye karatasi kabla hajatoa hata dola moja.

Lakini bado wapo wanaoona kiti cha mtoto ni anasa ya wenye nazo, na hao tuwajibu kwanza. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto asiyefungwa huendelea mbele kwa mwendo uleule. Kipigo anachokipata ni sawa na kuanguka toka kimo cha karibu mita 10. Mtu atasema mashimo yetu hayaruhusu mwendo huo. Haya, tuchukue kilometa 30: hapo ni sawa na kuanguka toka mita tatu na nusu, yaani toka juu ya paa la nyumba hadi chini. Hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia mtoto wa kilo 10 katika hali hiyo, awe na nguvu kiasi gani. Mama mwenyewe akiwa hajafunga mkanda, hutupwa mbele kwa uzito wake wote, na mtoto ndiye aliye kati yake na kiti cha mbele.

Wanaojifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto wanadhani wamemlinda, kumbe mkanda huo humbana mtoto na mwili wa mtu mzima nyuma yake. Na mtoto wa mgongoni ndani ya kitenge asiachwe hapo mama anapoketi garini. Mama akirudishwa nyuma kwa kishindo, mtoto ndiye anayepondwa kwenye kiti.

Shirika la Afya Duniani linasema kumfunga mtoto kwenye kiti chake kunaweza kupunguza vifo kwa asilimia 60. Shirika hilohilo linasema ajali za barabarani ndizo chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Katika mkoa wetu wa Tanganyika tunahesabu surua, kipindupindu na malaria, na tunafanya vema kuzihesabu. Barabara nayo ihesabiwe.

Sasa bei. Kiti cha bei ndogo kinachouzwa kihalali Ulaya au Marekani kimepita jaribio lilelile la lazima ambalo kiti cha bei kubwa kimelipita. Pesa za ziada mara nyingi zimekwenda kwenye kitambaa, sponji, kishikio cha chupa, kiti kinachozunguka ili mtoto aingie kwa urahisi. Marekani utapata kiti cha kawaida cha kumchukua mtoto toka kuzaliwa hadi miaka minne kwa chini ya dola 100, na kikalio cha kumnyanyua mtoto mkubwa kwa dola 20 hadi 30. Mpaka vifike Kalemie, nauli na ushuru vimeongezeka juu yake. Ndiyo maana tunamshauri mzazi apange kununua mara mbili tu kwa mtoto mmoja.

Mara ya kwanza, anunue kiti kinachofaa toka siku ya kuzaliwa hadi kilo 18. Mtoto hukaa akitazama nyuma mpaka afike kilo 13 au karibu yake, ndipo kiti hichohicho kinageuzwa akatazama mbele. Kutazama nyuma si jambo la kupenda au kutopenda. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kuliko shingo yake inavyoweza kukibeba; gari likigonga kwa mbele, kiti kinachotazama nyuma hupokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Mwaka 1964 Bertil Aldman wa Sweden alitengeneza kiti cha kwanza cha aina hiyo akifuata mfano wa viti vya wanaanga, ambao hulala chali roketi inaporuka. Vile vibebeo vya vichanga vyenye mpini, vinavyopendeza dukani, mtoto huviacha mapema mno, na pesa imekwisha. Familia ya kipato cha kawaida ivipite.

Mara ya pili ni kikalio cha kunyanyua, cha kilo 15 hadi 36. Kazi yake ni moja: kumpandisha mtoto ili mkanda wa gari, ulioundwa kwa mtu mzima, upite kwenye mifupa ya nyonga na katikati ya bega, usipite tumboni na shingoni. Chenye mgongo ni bora zaidi, hasa kwa mtoto anayesinzia. Kisicho na mgongo ni chembamba na rahisi, na kwenye kiti cha nyuma kilichojaa mara nyingi ndicho kitakachoingia. Tunakipendekeza bila aibu kwa mtoto aliyefika miaka sita na anayekaa akatulia. Hukaa nacho mpaka afike kimo cha sentimita 135 hivi, na bora zaidi 150.

Turudi kwenye futi. Tuseme umepima ukapata sentimita 125. Viti vitatu vyenye upana wa sentimita 44 kila kimoja vinahitaji 132; havitaingia, hata muuzaji akuapie. Kiti kimoja cha 44 na vikalio viwili vya 38 vinafanya 120, na vinaingia kwa shida kidogo. Kwa hiyo unapomtuma mtu kununua, mpe namba mbili: uzito wa mtoto na upana usiopaswa kuzidi. Upana upimwe pale kiti kinapopanuka kuliko kwingine, na kwa vingi ni mabegani au kwenye vishikio vya mikono. Kuna ujanja mmoja unaosaidia: kiti kinachotazama nyuma na kinachotazama mbele hupanuka mahali tofauti, hivyo vikiwekwa jirani huingiliana vizuri kuliko viwili vinavyotazama upande mmoja. Na mikono iwe na nafasi ya kufikia kifungio. Viti vikibanana hadi mtoto wa miaka saba hawezi kufungwa mkanda wake, huyo hajapata kiti.

Usilipie zaidi kwa ajili ya vyuma vya ISOFIX vinavyong'ata moja kwa moja kwenye chasi ya gari. Ni vizuri penye uwezo, lakini magari mengi ya zamani hayana mahali pa kuving'atisha, na katikati ya kiti cha nyuma mara nyingi hakuna kabisa. Kiti kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida kitaingia gari lako, la mjomba, na taksi ya kwenda hospitali. Kwa mji wetu, hilo ndilo tunaloliona la maana.

Sasa fungua mlango wa nyuma wa gari lolote lililoegeshwa Avenue Lumumba uangalie. Kitambaa cha kufunikia viti kimeshonwa juu ya vifungio. Ingiza mkono kati ya sehemu ya kukalia na mgongo wa kiti, utakuta kifungio kimezama ndani ya vumbi, makombo ya biskuti na sarafu. Mkanda wa kushoto haurudi. Wa kulia umefungwa fundo ili usiwasumbue abiria. Wa katikati, kwenye magari mengi ya zamani, ni wa kiunoni tu, hauna sehemu ya bega. Kabla ya kufunga kiti cha mtoto, hii ndiyo kazi ya kwanza, na ni ya bei ndogo kuliko zote: toboa kitambaa, toa vifungio nje, vuta mkanda wote hadi mwisho utazame kama umekatika nyuzi, uuvute ghafla kwa nguvu uone kama unashika. Mkanda ulioharibika fundi autoe kwenye gari la aina hiyohiyo lililokufa, mradi halikufa kwa ajali. Na mkanda wa kiunoni tu usitumike na kikalio cha kunyanyua hata siku moja. Mtoto atakunjika juu yake na tumbo ndilo litakaloumia. Hapo katikati weka kiti chenye mikanda yake ya ndani, ikiwa karatasi yake inakubali mkanda wa kiunoni.

Gari letu lina shida nyingine ambayo wenzetu wa Kigoma, Tanzania, hawana. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini mengi ya magari haya yana usukani kulia, kwa kuwa yalitengenezwa kwa ajili ya Japani. Kigoma, wanakoendesha upande wa kushoto, mlango wa nyuma wa kushoto, ulio mbali na dereva, unafunguka upande wa watembea kwa miguu. Kwetu upande salama wa kumteremshia mtoto ni ule wa kulia, nyuma ya dereva. Na dereva mrefu akisogeza kiti chake nyuma, kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakina pa kukaa. Ushauri wetu: kama mkanda wa katikati unafaa, kiti hicho kikae katikati. Kama haufai, kikae kushoto, kiti cha abiria wa mbele kisogezwe mbele, na mtoto asiteremshwe mpaka gari litoke kabisa barabarani. Wakubwa wenye vikalio wakae kulia.

Mbele, hapana. Kiti kinachotazama nyuma kikiwekwa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, mfuko huo ukifumuka humpiga mtoto kichwani kupitia mgongo wa kiti, na kipigo hicho kinaua. Mafundi wetu wachache sana wanaweza kuuzima mfuko huo kwa uhakika. Chukulia kwamba unafanya kazi.

Wengi watanunua kiti kilichotumika, na hatuwezi kuwakataza huku tukijua bei ya kipya. Tunawaomba wakigeuze juu chini kabla ya kulipa. Kiti cha Ulaya kina karatasi ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, pamoja na maandishi R44 yanayoishia na 03 au 04, au R129. R44 ya 01 au 02 ni ya zamani mno, Ulaya yenyewe ilishaipiga marufuku mwaka 2008. Kiti cha Marekani kina maandishi kwamba kinafuata kanuni za usalama wa magari za nchi hiyo, na mara nyingi tarehe ya kuisha. Kisicho na alama yoyote ni sponji na plastiki tu. Tazama plastiki: mstari mweupe kama wa kukunjwa ni dalili ya ufa. Kiti kilichochomwa na jua miezi mingi mbele ya duka plastiki yake imechoka, hata kama kitambaa kimefuliwa. Funga kifungio mara kadhaa usikie kinalia. Mtoto asiweze kukifungua, na wewe ukifungue kwa kidole gumba. Kilichozidi miaka 10 kiache. Na muulize muuzaji kama kilikuwa ndani ya gari lililogonga. Akisita, ondoka.

Kukifunga ni kazi ya magoti. Panda juu ya kiti kwa goti moja, uzito wako ukibane, kisha vuta mkanda mpaka usibaki ulegevu. Kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu upande wowote. Mikanda ya ndani ikimkaa mtoto, jaribu kuikunja kwa vidole viwili juu ya bega, ikikunjika, imelegea. Kwa anayetazama nyuma mikanda itoke usawa wa mabega au chini kidogo, kwa anayetazama mbele itoke usawa wa mabega au juu kidogo. Mama zetu humfunika mtoto mablanketi hata mchana wa jua: mfunge kwanza akiwa na nguo nyepesi, ndipo umfunike juu ya mikanda.

Yote haya ni ya mzazi mwenye gari. Wengi wa Kalemie hawana. Watoto wao wanapanda taksi, au wanakaa kati ya mama na mwendesha pikipiki, na kwa pikipiki hatuna kiti cha kupendekeza. Kichanga asipandishwe kama kuna njia nyingine yoyote. Kwa taksi tunasema jambo moja na tutalirudia: idadi ya abiria wa nyuma iwe idadi ya mikanda inayofanya kazi. Madereva watalia kwamba mafuta ni ghali na nauli haitoshi. Ni kweli, na nauli ijadiliwe. Kenya ilipita hapo. Kanuni za waziri John Michuki, za mwaka 2003, zilipoanza kushika Februari 2004, basi ndogo za abiria ziitwazo matatu zilitakiwa kubeba abiria 14, kila mmoja na mkanda wake, na kuwa na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilometa 80 kwa saa. Wenye magari waligoma, wasafiri walitembea kwa miguu, kisha viti vikawekewa mikanda. Utekelezaji ulilegea baadaye, lakini nchi nzima ilijua kwamba inawezekana.

Na Kalemie inajua pia. Kwa miaka mingi tumeishi na Land Cruiser za mashirika ya misaada, ambazo dereva haondoki mpaka kila aliye ndani amefunga mkanda. Madereva hao ni ndugu zetu wa mitaa ya Kataki na Dav. Walijifunza kwa sababu kazi ilidai, na wakazoea. Kanuni yetu ya barabarani ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Wengi wanaoendesha leo hawakuwa wamezaliwa. Bunge liifanyie kazi na kumtaja mtoto waziwazi, kwa uzito na kimo chake. Polisi wa barabarani, ambao wana macho makali ya kuona karatasi iliyokosekana, waanze kuona mtoto aliyesimama kati ya viti viwili vya mbele.

Kuna mambo mawili yasiyosubiri Kinshasa ibadili kanuni. La kwanza ni forodha: kiti cha mtoto chenye alama ya usalama kiondolewe ushuru na ada zote bandarini, na serikali ya mkoa ilisemee hilo kwa wizara. Mapato yatakayopotea ni madogo. Viti vinavyoingia ni vichache mno.

La pili tunaliiga toka Afrika Kusini. Nchi hiyo ilifanya kiti kuwa lazima kwa watoto wa chini ya miaka mitatu mwaka 2015, na huko shirika la Wheel Well hukusanya viti vilivyotumika, huvifua, huvikagua na kuvigawa kwa familia zisizo na uwezo. Parokia, misikiti, chama cha wazazi wa shule, chama cha madereva, yeyote kati yao anaweza kuanzisha ghala la namna hiyo hapa. Linahitaji chumba kikavu, sabuni, daftari, na mtu mmoja aliyefundishwa kusoma alama na kutambua ufa. Mzazi aliyejifungua hospitali kuu aazime kiti, mtoto akizidi kilo 18 akirudishe, daftari liandike jina la gari kilimokaa na kama liligonga. Kilichogonga kikatwe mikanda siku hiyohiyo, plastiki ivunjwe, kisiuzwe tena.